Baba ametusainia ziara ya miji 11, nami nimepata kazi

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa kwanza katika familia ya watoto wanne, na nyumbani kwetu ni Pasua, Moshi. Naomba usichapishe jina langu wala la kundi letu, kwa kuwa tunafahamika na baba ni msomaji wa safu hii.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kigangoni kwa miaka mingi, na sisi watoto wake tulijua kushika sauti kabla ya kujua kusoma. Tulianza kuitwa kwenye sherehe za kipaimara na komunyo, baadaye sendofu na harusi, baba akiwa ndiye meneja, dereva na fundi mitambo. Mdogo wangu anayenifuata anapiga kinanda, wa tatu anapiga gitaa la besi, mimi naimba sauti ya pili na mashairi mengi ninaandika mimi. Kitindamimba wetu, mwenye miaka 15 na aliye kidato cha pili, ndiye anayeongoza, na watu wanakuja kumsikiliza yeye. Mwaka juzi mgeni mmoja alimrekodi kwa simu kwenye sherehe huko Kibosho, kipande kile kikasambaa mitandaoni, na tangu hapo hatuitwi tena "watoto wa mwalimu" bali tunaitwa kwa jina la kundi.

Mwezi uliopita promota kutoka Dar es Salaam alikuja nyumbani na mpango wa ziara ya wiki saba: Moshi, Arusha, Singida, Dodoma, Shinyanga, Mwanza, Tabora, Mbeya, Iringa, Morogoro, na kumalizia Dar es Salaam. Baba alisaini siku hiyo hiyo sebuleni kwa niaba yetu sote, akapokea malipo ya awali ya shilingi milioni 6. Mimi sikuwapo, nilikuwa Arusha kwenye usaili. Sehemu ya fedha hizo alinunulia spika na mikisa, na iliyobaki akamalizia mkopo wa mama wa VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa, ambao ulikuwa umemfanya mama aogope hata kupita mtaa wa mweka hazina wao.

Siku tisa baadaye nilipigiwa simu kwamba nimepata kazi. Nilimaliza chuo cha uhasibu miaka mitatu iliyopita, na muda wote huo nimekuwa nikimsaidia mama kuuza mitumba pale soko la Memorial. Kazi ni ya msaidizi wa mhasibu katika kampuni ya utalii Arusha. Ninatakiwa kuanza Septemba 1, na miezi mitatu ya mwanzo ni ya majaribio. Ziara inaanza mwishoni mwa Agosti na kwisha katikati ya Oktoba.

Nilipomweleza baba hakunifokea, na ingekuwa afadhali angefoka. Alikifunika kinanda kwa kile kitenge tunachokifunikia siku zote, akakinyoosha pembe zote nne, ndipo akasema, "Nimekusomesha kwa sauti hizo hizo unazotaka kuziacha." Ni kweli, ada yangu ya chuo ilitoka kwenye harusi. Mama ananisihi nisimwaibishe baba mbele ya watu, kwa sababu mabango yameshachapishwa na picha yangu imo. Wadogo zangu wawili wakubwa wanaitaka sana ziara hii, na mmoja wao hasemi nami mpaka leo.

Liko jambo jingine ambalo sijamwambia mtu yeyote. Sauti ya kitindamimba wetu inavunjika. Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwenye kipaimara huko Uru, akafika kwenye kiitikio na sauti ikakatika ghafla, ikabaki pumzi tupu. Nilikuwa nimesimama nusu hatua nyuma yake, nikaidaka ile noti na kuimba mstari mzima kwa namna anavyouimba yeye, naye akashusha maikrofoni akajifanya anawachezesha watu. Walipiga makofi wakidhani tumepanga. Baba, aliyekuwa kwenye mikisa na hedifoni masikioni, aliniangalia akatabasamu, na tulipokuwa ndani ya Noah tunarudi akasema, "Bila wewe hapa hatuna kundi." Mdogo wangu alikuwa amelala begani kwangu, au alijifanya amelala.

Nikienda ziara nitapoteza kazi. Nisipoenda, kundi litaaibika na familia itagawanyika kwa sababu yangu. Nifanye nini?

Sauti ya Pili, Moshi

*

Marahaba, binti yangu.

Nimekaa na barua yako kwa siku kadhaa, kwa sababu kila nilipodhani nimeielewa niliona sentensi nyingine iliyonirudisha mwanzo. Unasema umebanwa na mambo mawili: ukipanda gari la ziara unapoteza kazi uliyoingoja miaka mitatu, na ukibaki unamvunjia baba heshima, unawaangusha wadogo zako wawili, na unamwacha kitindamimba mbele ya umati na sauti isiyomtii. Hivyo ndivyo ulivyolipanga wewe. Niruhusu nilipange tofauti kidogo, na pale nitakapokosea utajua wewe, maana mimi sijawahi kukaa sebuleni kwenu.

Nianze na yale maneno ya baba, ambayo nadhani yanakukosesha usingizi kuliko mkataba wenyewe. Sauti zilizokusomesha zilikuwa nne, na moja kati ya hizo ilikuwa yako. Uliimba kwenye harusi zile hadi usiku wa manane ilhali kesho yake ulikuwa na masomo, kwa hiyo ada ile uliichangia kwa koo lako mwenyewe. Sisemi hivi ili ukamjibu baba hivyo, kwa kuwa mzazi aliyeumia hatulizwi kwa hesabu, na shukrani unayodaiwa kwake ni ya kweli. Nakuambia ili utakapokwenda kuzungumza naye usiende na moyo wa mdaiwa, kwa sababu anayekwenda hivyo hukubali lolote atakaloambiwa kisha akalinung'unikia njia nzima, na njia ya kutoka Moshi hadi Mbeya kwa kupitia Mwanza ni ndefu mno kwa manung'uniko.

Wala simwoni baba yako kuwa mtu wa tamaa. Mwenye tamaa asingekumbuka mkopo wa mkewe. Ila kuna jambo umelipita haraka. Unasema hujamwambia mtu yeyote kuhusu sauti ya mdogo wako. Je, unaamini kweli kwamba mwalimu wa kwaya wa miaka mingi, akiwa na hedifoni masikioni, hakuisikia sauti ya mwanawe ikikatika pale Uru? Tabasamu lile linaweza kuwa la fahari, na linaweza pia kuwa la mtu aliyejiona ameokolewa. Mabadiliko ya namna hii hayaji kwa usiku mmoja, na huenda alianza kuyasikia kwenye mazoezi kabla yako. Ikiwa ndivyo, basi inawezekana alisaini siku hiyo hiyo kwa sababu alijua kwamba sauti iliyowaletea promota haitakaa muda mrefu. Hii ni dhana yangu tu, lakini ukiifikiria utaona kwamba inabadilisha mazungumzo: badala ya kuzungumza na meneja anayekubana, utakuwa unazungumza na baba mwenye hofu ambayo hajaisema.

Kofia hizi mbili za baba zimewachanganya wote. Ningependa mzungumze naye mara mbili, kwa siku mbili tofauti, mara moja kama baba na binti, na mara nyingine kama meneja na mwimbaji mtu mzima, mkiwa na mkataba mezani. Kama mazungumzo ya kwanza yatakuwa magumu, yuko bila shaka baba mdogo au shangazi anayesikilizwa nyumbani, na katika familia nyingi za Kilimanjaro mambo ya namna hii huanza kulainika kwa mtu wa tatu kabla ya wenyewe kukaa. Mazungumzo ya pili hayamhitaji shangazi, yanahitaji karatasi.

Na kuhusu karatasi hiyo, hujaniambia kama umeisoma. Je, inawataja kwa majina yenu, au inataja jina la kundi tu? Ziara ikifupishwa au ikiahirishwa, malipo ya awali yanarudishwaje? Nani analipia usafiri na malazi? Kiingilio kinagawanywaje? Katika barua nzima hukutaja mahali popote kwamba wewe utalipwa kiasi gani kwa wiki saba, na sina hakika kama ulisahau kuandika au hujawahi kuambiwa. Sheria yetu ya Mikataba inataka makubaliano ya hiari ya mtu mwenye uwezo wa kuyafanya, na wewe una miaka 26, hukuwapo, wala hukuweka saini. Hata hivyo usilifanye hilo silaha kabla ya kumwona mwanasheria, kwa sababu kwa miaka mingi mmemwacha baba asaini kwa niaba yenu, na promota anaweza kudai kwamba alikuwa na haki ya kumchukulia kuwa wakala wenu. Arusha na Moshi kuna watoa msaada wa kisheria wanaoweza kukusomea kurasa hizo bila kukutoza ada ya wakili.

Utakapokuwa kwenye karatasi, angalia pia nyimbo zimeandikwaje. Umesema kama kwa bahati tu kwamba mashairi mengi ni yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humtambua mtunzi kuwa mwenye haki wa kwanza wa kazi yake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiko kazi hizo husajiliwa. Ukienda ziara au usipoenda, maneno yako yataimbwa kila usiku katika miji 11, na ni vizuri ijulikane ni ya nani kabla hayajatoka nje ya Kilimanjaro.

Sasa nije kwenye njia zilizoko, ambazo naona ni zaidi ya mbili.

Ya kwanza ni kwenda ziara yote na kumwomba mwajiri akusubiri. Usilitupe wazo hili bila kulijaribu, lakini ujue unaomba nini. Septemba kampuni za utalii za Arusha bado ziko kwenye msimu wa wageni, na wewe unaitwa katikati ya shughuli. Tena Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi likizo ya malipo mfanyakazi asiyetimiza miezi sita, kwa hiyo utakuwa unaomba hisani. Wakikataa, utakuwa umewaonyesha kwamba una shughuli nyingine kabla hujakalia kiti.

Ya pili ni kwenda nusu. Moshi na Arusha ni kilomita 80 hivi, na maonyesho hayo mawili unaweza kuyafanya bila mwajiri hata kujua. Dodoma ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Babati na Kondoa, na mtu akitoka kazini Ijumaa jioni anaweza kufika, ila Jumatatu asubuhi atahesabu fedha za watu akiwa na usingizi, na makosa ya msaidizi wa mhasibu yanaonekana mapema kuliko ya mwimbaji. Mwanza na Mbeya usijidanganye nazo. Njia hii ina sura ya busara na mimi mwenyewe ndiyo iliyonijia kwanza, lakini nimewaona watu wakiichagua ili wasimuudhi yeyote, wakaishia kuchoka wao na kuudhi pande zote.

Ya tatu ni kumfuata promota, baba akiwapo, na kumwomba maonyesho mengine yasogezwe hadi Desemba. Wakati huo shule zimefungwa, miezi yako mitatu ya majaribio imekwisha, na Moshi inajaa watu waliorudi nyumbani kwa Krismasi ambao wanatafuta mahali pa kwenda jioni. Lakini Desemba ni msimu mwingine wa wageni Arusha, ruhusa kazini itakuwa ngumu, na promota aliyekwisha lipia kumbi na mabango anaweza kudai hasara. Sehemu ya fedha ya awali nayo imeshageuka spika, na iliyobaki imekwenda VICOBA ambako hairudi.

Ya nne ni kutokwenda kabisa, na nafasi yako ashike mwimbaji mwingine, labda binamu aliyelelewa kwenye kwaya hiyo hiyo. Hii unaiogopa kuliko zote, na sikulaumu. Wadogo zako wawili wakubwa wana haki ya kuitaka ziara yao kama wewe unavyoitaka kazi yako, na yule asiyesema nawe huenda anaona umeifunga njia ambayo yeye hana nyingine mfano wake. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, kabla hamjazoea kunyamaziana.

Umesema familia itagawanyika kwa sababu yako, na hapo nina shaka kidogo. Mwaka 1984 ndugu wa familia ya Jackson walifanya ziara ya maonyesho 55 Marekani na Kanada, mama na baba yao wakiwa miongoni mwa waandaaji. Michael, aliyekuwa amekwisha pata jina kubwa peke yake, hakuwa na shauku nayo. Alitimiza miaka 26, umri wako, katikati ya ziara hiyo. Alikwenda, akaimba kila usiku, fedha zake akazitoa kwa misaada, na katika onyesho la mwisho Los Angeles mwezi Desemba akatangaza jukwaani kwamba hiyo ndiyo mara yao ya mwisho. Kwenda kwake hakukuwashikanisha. Karibu nasi zaidi, akina Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga wakapita hapa Arusha na bendi yao ya Arusha Jazz kabla ya kuingia Kenya na kuwa Simba Wanyika mwaka 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakaondoka na kuanzisha Les Wanyika, na wengi walidhani bendi imekwisha. Ndugu wale waliendelea, George hadi alipofariki 1992 na Wilson 1995, na waliohama nao walisikika vizuri tu. Sikupi mifano hii kama ushahidi wa upande wowote, maana hakuna kati yao aliyekuwa na mama mwenye meza ya mitumba Memorial. Naitaja kwa sababu wewe umeshahesabu kwamba kuondoka ni kuvunja na kwenda ni kujenga.

Nimeacha la mwisho lile ambalo kwangu ni zito kuliko kazi yako na kuliko milioni 6. Mdogo wako ana miaka 15. Sauti ya mvulana inapovunjika, koromeo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na sauti hushuka karibu oktavu nzima. Kwa miezi kadhaa haitabiriki, na kuilazimisha ifike juu kila usiku kwa wiki saba ni kuiumiza. Maonyesho ya namna hii huanza saa ngapi? Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa kazi za usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na katika mkataba wa kibiashara wenye kiingilio swali hilo linaweza kuulizwa na afisa ustawi wa jamii wa mji wowote mtakaofika. Na mtihani wake wa taifa wa kidato cha pili uko mwishoni mwa mwaka, muda mfupi baada ya kurudi kwenu Oktoba.

Pale Uru ulimsitiri, na ulifanya kwa upendo. Lakini ulimsitiri vizuri kiasi kwamba hakuna aliyelazimika kusema lolote: wageni walipiga makofi, baba alitabasamu, naye akafumba macho begani kwako. Sasa unajiuliza kama uende miji 11 ukasimame nusu hatua nyuma yake. Naomba utenganishe maswali haya. Kama ni yeye anayekupeleka ziara, basi jambo lake linaweza kusemwa wazi kwa baba hata ukiwa Arusha ofisini, nyimbo zikashushwa ufunguo, kaka zake wakaongoza baadhi, au ziara ikamsubiri. Na kama kuna kitu ndani yako kinachotaka kuimba Mwanza usiku ule kwa ajili yako mwenyewe, nacho kina haki ya kusikilizwa, ingawa katika barua yako yote sikukiona kikitajwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Umeandika wanachotaka baba, mama, wadogo zako wawili, promota na mwajiri.

Na yuko mmoja ambaye naye hakuna aliyemuuliza. Muulize ukiwa naye peke yenu, mbali na vyombo na mbali na baba, labda mkiwa mnarudi kutoka Memorial mmebeba marobota ya mama. Usianze na ziara. Muulize siku ile ndani ya Noah alikuwa amelala kweli, au la.

Nitaisubiri barua yako nyingine.

Mshauri wako, Arusha